Wimbo Aliouharamisha Mzee Usi

Wiki mbili kabla ya harusi ya Wanu, sebule ya Mzee Usi pale Jang'ombe ilitekwa. Wapambe sita walijaa juu ya mkeka na juu ya viti, kila mmoja na simu yake, na kila simu inalia wimbo wake. Mzee mwenyewe, karani wa bandari aliyestaafu, mtu wa miwani na shati la mikono mirefu hata jua liwake vipi, alikuwa kabanwa pembeni karibu na kabati la vyombo. Kikombe cha chai kilikuwa mkononi na hana pa kukiweka, maana meza ilishasukumwa ukutani ili watoto wa watu wapate kujifunza kucheza.

"Huu! Huu ndio wa kuingilia," alisema Sumaiya, mkubwa wa wapambe, akainua simu juu. Ngoma ikadunda mpaka vijiko vikagongana kabatini.

"Huo tushausikia harusi nne mwaka huu," akadakia mwenzake. "Sisi tuingie na wimbo uliochakaa?"

"Haya, toa wako tuusikie."

Akautoa, ukakataliwa. Akatoa mwengine, ukakataliwa vile vile. Walibishana tangu baada ya adhuhuri mpaka alasiri, wakanuniana, wakachekana, wakala sahani mbili za kachori za watu wa nyumba, na mwisho wakakubaliana nyimbo tatu: mmoja wa kuingilia, mmoja wa kuzungukia jukwaa, na mmoja wa kuwapoza roho wale walioshindwa.

Aliyekuwa akiandika yote hayo ni Bashira, DJ wa shughuli za wanawake. Ukumbi wa harusi kwetu ni wa wanawake watupu, kwa hiyo na mpiga muziki awe mwanamke, na Bashira alikuwa na spika zake, kompyuta yake na mdomo wake. Daftari lilikuwa gotini. Alikuwa keshaandika wimbo wa wapambe, wimbo wa keki, wimbo wa kumuingiza bibi harusi. Sasa akainua kalamu.

"Wimbo wa mama na mwana?"

Simu zote zikanyamaza. Bashira hakuwa mtu wa mtaa ule, hakujua.

"Mama yangu alifariki, Bashira," alisema Wanu. Alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuzoea kusema. "Mwaka wa tisa huu. Andika baba."

"Baba?" Bi Mwanamwema, dada yake Mzee Usi, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, aliacha ungo. "Baba ndo akacheze ukumbini, kwenye wanawake? Makubwa haya! Tushakuwa watu gani sisi?"

"Siku hizi wanacheza, shangazi," alijibu Bashira. "Si tunatangaza kuwa bwana harusi anakuja, watu wakajistiri? Basi pale pale watu washajitanda mitandio yao, baba anaingia kwanza, anacheza na mwanawe dakika tatu nne, ndo bwana harusi afuate. Watu wanalia, inapendeza."

"Watu wanalia, inapendeza," alirudia Bi Mwanamwema, akaurudia mchele wake kwa hasira.

Bashira akamgeukia Mzee Usi. "Shikamoo tena, baba. Unapenda wimbo gani?"

"Marahaba. Chagueni nyiye. Mimi mambo ya muziki sina habari nayo."

Uongo mtupu huo! Lakini wale wasichana watajuaje. Wanu peke yake ndiye aliyemtazama baba yake, akamtazama kidogo zaidi ya kawaida.

"Mie nshachagua," alisema. "Taa ya Barazani."

Mzee Usi akauliza, "Wimbo huo umeujuaje wewe?"

"Kwa mama. Alikuwa akiuimba kila siku jikoni, wewe ukiwa kazini. Nkamuuliza unaitwaje, akanambia jina, akanambia mliupiga nyinyi zamani. Ukipiga hodi tu, basi, ananyamaza."

Mzee Usi aliinuka, akampa Sumaiya kile kikombe amshikie, akasema anakwenda msikitini. Alasiri ilikwisha kusaliwa nusu saa nzima nyuma, na kila mtu mle ndani alijua.

Sasa ngoja nikwambieni huyu Mzee Usi alikuwa nani kabla ya miwani.

Alikuwa mpiga fidla. Si mpiga fidla wa kubahatisha, ni mpiga fidla khasa, wa safu ya mbele, wa klabu ya taarab ya Shuwari, ambayo leo ukiitaja vijana wanadhani ni duka. Alianza ana miaka kumi na minne, na mjomba wake ndiye aliyempa fidla ya kwanza, iliyokwisha rangi, akajifunza nyuma ya nyumba huku majirani wakimuomba kwa jina la Mungu apumzike. Mchana akiandika mizigo bandarini Malindi, hapa hapa mjini, makontena ya mchele na sukari na saruji. Magharibi ikishasaliwa anakoga, anavaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, huyo klabu.

Na zilikuwa raha zile, msione watu wanazililia. Wapigaji ishirini na kitu, ganuni na udi na dumbaki, wamekaa kwenye viti vya mbao walivyovibeba wenyewe vichwani. Katikati ya shughuli unapitishwa mtai, kinywaji cha tangawizi, na biskuti za vileja. Wanawake wamekuja na vikuba vya asumini kifuani, ukumbi mzima unanukia udi mpaka unarudi nyumbani na harufu ile kwenye shati, na kesho yake bandarini wenzako wanakucheka. Wapigaji wanaume waliruhusiwa kuwemo ndani kwa sababu macho yao yalitakiwa yawe kwenye nyuzi. Macho ya Usi mwaka wa themanini na tatu hayakuwa kwenye nyuzi. Yalikuwa kwa msichana mmoja aliyevaa gauni la kijani, jina lake Zuleikha.

Wimbo uliokuwa ukipigwa usiku ule ulikuwa mpya, Taa ya Barazani. Sauti yake, namna wimbo unavyokwenda, aliitunga Azim, mpiga kodiani wa klabu, kile kinanda cha kukumbatia kifuani, cha kuvuta na kusukuma. Azim alikuwa rafiki yake Usi wa kufa na kuzikana, kijana wa Kihindi wa Mji Mkongwe, baba yake muuza vifungo. Lakini mwimbaji hawezi kuimba bila ya kuvuta pumzi. Basi kila alipomaliza mstari akanyamaza, Usi alitia fidla yake, akamjibu, vipande vifupi vifupi. Majibu yale Azim hakumtungia. Usi aliyatoa kichwani mwake mwenyewe, na akayapiga usiku ule akimtazama yule wa gauni la kijani. Mwaka uliofuata wakaoana.

Wakakaa miaka kumi na mbili bila ya mtoto. Watu walisema walivyosema, wao wakavumilia, na mwaka wa tisini na sita akaja Wanu.

Sasa, mwaka wa tisini na nane, klabu iliitwa harusini huko huko Malindi. Zuleikha alikuwemo miongoni mwa wageni. Ikapigwa Taa ya Barazani, ukumbi ukawaka. Wanawake wakaanza kuinuka kutunza, kama ada yetu: unakuja mbele polepole, unacheza unavyokuja, noti umeishika juu ionekane, unampa yule aliyekugusa moyo, unarudi ulikotoka kwa mwendo ule ule. Zuleikha naye akainuka. Alipita mbele ya mumewe, hakumtazama. Akaenda mpaka kwa Azim, akamtilia noti mfuko wa shati, akarudi kukaa.

Vigelegele vikapasua dari. Na mwanamke mmoja huko nyuma, Mungu amsamehe, akapiga ukelele, "Mwenye fidla leo kapitwa!"

Ukumbi mzima ukacheka. Walicheka mzaha wa shughuli, hakuna aliyekusudia baya, na kabla ya wimbo kwisha walishasahau. Usi hakusahau. Aliumaliza wimbo, akaifunga fidla kwenye sanduku lake, akamvuta Azim uwani, akamwambia maneno ambayo mimi siyarudii. Azim alikodoa macho. "We Usi una wazimu? Mke gani anainuka kumtunza mumewe mbele za watu? Si atachekwa!" Lakini alikuwa akisema na mgongo wa mtu.

Nyumbani Zuleikha alikuwa hata buibui hajalivua. Usi akamwambia, "Wimbo ule sitaki kuusikia tena ndani ya nyumba hii."

Zuleikha alifungua mdomo.

"Nshasema," alisema Usi.

"Haya," akajibu Zuleikha.

Yakaisha. Fidla ikapandishwa juu ya kabati la nguo, klabu akaihama, na kwa Azim akawa hapiti. Mtu yeyote mwenye akili angemuuliza mkewe neno moja tu, kwa nini? Usi hakuuliza. Wakaishi miaka kumi na saba mizuri, msije mkadhani waligombana. Walikula pamoja, walicheka, walimsomesha mtoto wao, ambaye leo ni mwalimu wa chuo kikuu huko Tunguu. Ila pale mahali pamoja pakafungwa, na Zuleikha alipougua na kufa, palikuwa bado pamefungwa.

Na sasa, baada ya miaka yote hiyo, mtoto anamwambia kuwa mama yake alikuwa akiuimba kila siku.

Mzee Usi alikaa kwenye baraza ya msikiti kavua miwani. Kilichomchoma si kuwa Zuleikha alimuasi. Kilichomchoma ni kuwa wimbo ule sauti yake ilikuwa ya Azim. Kwa hiyo miaka kumi na saba yeye akitoka kwenda kutafuta riziki, jikoni mwake kunabaki sauti ya Azim, na akipiga hodi inafichwa. Alijiona mpumbavu. Mzee wa miaka sitini na sita, na wivu ukamshika upya pale pale barazani, akaona haya nafsi yake.

Alikaa siku tatu akijizungusha. Siku ya nne Wanu alipokuja na chakula, akajaribu.

"Mwanangu, ule wimbo umepitwa. Ziko nyimbo nzuri nyingi. Ile klabu hata ukanda haukuwahi kurekodiwa, Bashira ataupata wapi?"

Wanu aliweka bakuli la mchuzi mezani, akalifunika, akakaa.

"Baba, kwenye daftari la Bashira pale pa mama patupu. Nilitaka mama awemo ukumbini japo kwa wimbo wake. Mie jengine la kumuingiza ndani sina." Akamsogezea bakuli. "Lakini kama hutaki, sikulazimishi. Ntamwambia Bashira paachwe hivyo hivyo. Mume wangu ataingia, yatakwisha."

Hakukasirika wala hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Aliondoka, akamwacha baba yake na mchuzi wake, na ule mchuzi haukushuka. Mzee alikuwa kafika njia panda: ama asimame acheze wimbo uliomvunjia moyo, ama binti yake aolewe bila ya baba wala mama pembeni yake.

Alfajiri aliburura kiti, akapanda, akaishusha fidla. Vumbi likamuingia puani akapiga chafya saba. Nyuzi mbili zilikatika, nyengine zimelegea. Alizibadilisha, akaiweka begani, na vidole vilivyozoea kalamu vikaanza kutafuta njia. Mwanzo wa wimbo ukaja. Majibu yake yakaja moja moja, mengine yamechanganyika. Lakini katikati, pale wimbo unapogeuka kwenda ubeti wa mwisho, palikuwa peupe pe. Hakukumbuka kitu. Na duniani alibaki mtu mmoja tu wa kumkumbusha.

Duka la Azim lipo kwenye uchochoro nyuma ya Darajani, la vifungo na lesi na nyuzi za cherehani, limejaa vijisanduku mpaka juu. Kwa miaka ishirini na sita Mzee Usi akifika uchochoro ule alikuwa akikata kona kama hana shughuli nao. Siku ile aliingia moja kwa moja, fidla kwapani.

"Salaam aleikum."

Azim alikuwa kainamia bakuli la vifungo akivichambua. Mvi kichwa kizima, tumbo limemtangulia. Alijibu salamu kabla ya kuinua uso, kisha akainua.

"Usi?"

"Mimi."

"Umekuja kununua vifungo?"

"Nimekuja kwa ajili ya Taa ya Barazani."

Azim alimtazama, akaitazama fidla, akamtazama tena. Halafu akageuza shingo akaita kwa sauti iliyotikisa vijisanduku, "Roshan! Roshan, njoo umuone maiti kafufuka! Lete chai!"

Roshan, mkewe, alichungulia kutoka juu ya ngazi, akamuona Mzee Usi, akatia mkono mdomoni. Chai ililetwa. Wakanywa, wazee wawili kati ya vifungo. Mwisho Azim akasema, "Nilikuja maziko ya bi Zuleikha. Nilisimama nyuma kabisa. Sikutaka kukuudhi."

"Nilikuona," alisema Mzee Usi. "Nikajifanya sikukuona. Nisamehe, Azim."

"Nshakusamehe zamani. Nilichokuwa nkingoja ni wewe uje, basi. Umekawia, yakhe." Akajifuta pua kwa kitambaa. "Haya, hadithi yako nini?"

Alimueleza yote: daftari la Bashira, pale pa mama patupu, mtoto anataka nini. Azim hakungoja amalize. Alipanda juu akahema huko, akashuka na kodiani lake limefungwa kanga ya Roshan. Kitufe kimoja kilikuwa kimekwama na pumzi inavuja, lakini alipolivuta, Taa ya Barazani ikatoka nzima, mwanzo mpaka mwisho. Wapita njia walisimama mlangoni. Bibi mmoja aliyekuja kununua zipu alianza kutikisa mabega, akasahau zipu yake.

Wakawa wanajifunza kila siku baada ya alasiri, duka linafungwa nusu mlango. Walikosea, wakatukanana, wakacheka mpaka wakakohoa. Wakakumbushana wenzao, nani kafa, nani yuko Dubai kwa watoto wake, nani alikuwa akiiba vileja vya shughuli akivitia ndani ya dumbaki. Mzee Usi alikuwa akirudi Jang'ombe na shati linanukia vifungo na mafuta ya cherehani, na Bi Mwanamwema akamwambia wazi, "We kaka umekuwa kijana, unatutia wasiwasi."

Siku ya mwisho, kabla ya kuagana, akauliza lile alilokaa nalo miaka yote.

"Azim. Siku ile alipokutunza. Alikwambia nini?"

Azim alilifunga kodiani kwa ile kanga.

"Hakunambia kitu, Usi. Alinitilia mfukoni akenda zake. Ningeweza kukupa jibu la kukufurahisha, lakini ntakuwa nadanganya, na mtu mwenyewe hayupo. Mie sijui alikuja kwa nini. Labda alipenda wimbo, basi."

Labda alipenda wimbo. Wimbo wa Azim. Mzee Usi alishukuru, akatoka, na njia nzima mpaka Jang'ombe jibu lile lilikwenda naye. Alijikaza. Alishakata shauri kuwa hata kama Zuleikha alikuwa akiimba sauti ya mtu mwengine, aliiimba kwa kinywa chake mwenyewe, na mtoto ana haki nayo. Atapiga. Lakini kucheza, hapana. Alimwambia Wanu, "Mie na Azim tutapiga, wewe utacheza na wapambe wako. Ndivyo itakavyokuwa," na Wanu akasema haya, baba.

Ukumbi ulikuwa njia ya Tunguu, taa za rangi, viti vya vitambaa vyeupe, wanawake kama mia tatu. Wapambe walishaingia na nyimbo zao tatu na wakashangiliwa. Bashira akashika kipaza sauti. "Mama zangu, dada zangu, tujistirini. Wanaume wanaingia." Mitandio ikapanda vichwani ukumbi mzima. Wazee wawili wakaingia wameinamisha macho, Azim na kodiani lake, Mzee Usi na fidla yake, koti alilolinunulia harusi yake mwenyewe limembana makwapani. Wanawake watu wazima wakaanza kunong'onezana. Hao si Shuwari hao? Yarabi, wako hai!

Wakakaa kwenye viti viwili chini ya jukwaa. Wanu alikuwa juu, kapambwa, hina mpaka viwikoni, macho yake chini kama itakiwavyo bibi harusi. Azim akavuta pumzi ya kodiani, Taa ya Barazani ikaanza, na Mzee Usi akatia jibu la kwanza, na la pili. Nyuma huko bibi mmoja akapiga kigelegele cha zamani, kile kirefu.

Ubeti wa pili haujaanza, Wanu akainuka. Bibi harusi kainuka mwenyewe kwenye kiti chake! Akashuka ngazi kashika gauni kwa mkono mmoja, Sumaiya anakimbia nyuma kuinua ushungi. Akasimama mbele ya baba yake.

"Weka chini hiyo, baba."

"Wanu, mwanangu, wimbo utaharibika. Nani atajibu?"

"Weka."

Mzee Usi alimtazama Azim. Azim akamfanyia ishara kwa kidevu: nenda, wimbo nshaushika mie. Akaiweka fidla juu ya kiti. Wanu akamshika mikono, akaviweka viganja vya baba yake mabegani mwake, wakaanza kwenda taratibu, huku na huku, kama wanavyokwenda watu wasiojua kucheza. Bi Mwanamwema alikuwa safu ya mbele, mtandio umemfunika mpaka puani, na mabega yake yanatikisika kwa kilio.

Kodiani likaimba mstari wa kwanza wa ubeti wa pili, likanyamaza. Ikawa zamu ya fidla, na fidla iko kitini. Mzee Usi akafumba macho, akaungojea ule uwazi upite.

Haukupita mtupu. Wanu aliweka paji la uso begani kwake na kuanza kuimba kwa pua, mdomo umefungwa, polepole, na alichokiimba ni jibu la fidla. Lilikuwa kipande kile kile kifupi, na ule mpindo wa mwisho ambao Azim mwenyewe alikuwa hawezi kuupatia. Kodiani likaimba mstari mwengine, Wanu akanyamaza. Kodiani likanyamaza, Wanu akajibu tena.

"Nani kakufunza hiyo?" aliuliza Mzee Usi. Miguu ilishasimama.

"Si ndo wimbo wenyewe, baba? Mama alikuwa akiimba hivi hivi. Akiosha vyombo, akisukuma chapati, hivi hivi. Mie sikujua kama wimbo una na sauti nyengine, mpaka leo nilipomsikia mzee Azim."

Azim alisikia. Kwenye mstari uliofuata alilivuta kodiani chini kabisa, likawa halisikiki ila kwa mbali, ili sauti ya yule mtoto ipate nafasi ukumbi mzima.

Mzee Usi alilia mbele ya wanawake mia tatu, na hakutafuta kitambaa. Alilia kwa ajili ya yule mke aliyeona haya kumtunza mumewe, akaenda kumpa Azim aliyekaa kando yake. Miaka kumi na saba aliyekuwa akiimbwa mle jikoni alikuwa yeye, na aliyekuwa akiukata wimbo kila jioni, kwa kupiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe, alikuwa yeye.